Majina ya Viungo vya Mwili: Yalivyopatikana na Yalivyopatanishwa

Mzee mmoja wa kijiji chetu alinijia jioni moja shuleni, nilipokuwa nikisahihisha madaftari ya watoto, akaniambia, "Mwalimu, niandikie barua kwa bwana mganga wa dispensari. Mwambie mshipa wanisumbua, anipe dawa. Mjukuu wangu ataipeleka kesho." Nikamwuliza, "Mshipa wa wapi, baba?" Akanyamaza, akatazama chini, kisha akasema, "Mshipa tu, mwalimu. Yeye ataelewa." Kwa kumwonea haya, na kwa kuwa giza lilikuwa limekwisha kuingia, sikuuliza tena. Niliandika maneno yale yale, nikatia sahihi yangu, nikajiona nimefanya kazi njema.

Mganga yule alikuwa mtu wa bara, na kwao mshipa ni mshipa wa damu, au ukano uliovutika kwa kazi ya jembe. Akampelekea mafuta ya kuchua. Mzee akajichua siku nne. Siku ya tano alianguka shambani, anatapika, na uvimbe wa kinenani umekuwa mgumu kama jiwe. Tukamchukua juu ya kitanda mpaka hospitali, akapasuliwa usiku ule ule. Ilikuwa ngiri, na kipande cha utumbo kilikuwa kimebanwa hata damu haipiti. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini asubuhi daktari aliuliza ni nani aliyeiandika ile barua, nami nikajibu kwamba ni mimi.

Tangu siku ile nimelitafuta neno hilo katika kamusi za zamani, nikaona ya kuwa mzee hakukosea hata kidogo. Mshipa ni njia ya damu, tena ni kano, tena ni ile nyuzi ya mwilini ipelekayo maumivu kichwani, tena, kwa watu wengi wa pwani, ni ngiri au busha, jina la kusitiria aibu. Neno moja, mambo manne. Aliyekosea ni mimi, nisiyeuliza mahali. Ndipo nilipotamani kujua, je, hao waliotangulia kuuchunguza mwili wa mtu walipataje majina ya viungo vyake, hata mganga wa nchi moja aweze kumwandikia mganga wa nchi nyingine naye asikosee? Nilidhani nitakuta habari fupi. Kumbe ni habari ya miaka zaidi ya elfu mbili, nayo imejaa makosa kama ya barua yangu.

Mwanzo wake ni katika bara letu la Afrika, katika mji wa Iskanderia huko Misri, kadiri ya miaka 300 kabla ya kuzaliwa Kristo. Wafalme wa Kiyunani waliotawala huko waliwapa ruhusa waganga wawili, Herophilus na Erasistratus, kupasua maiti za watu, jambo ambalo Wayunani wa kwao waliliona kuwa ni haramu. Yasemekana hata watu walio hai, wafungwa waliohukumiwa, walipasuliwa; na Tertullian, yule mwandishi Mkristo wa Karthago, alimlaumu Herophilus kwa ukali sana kwa ajili ya hayo, akamwita mchinjaji. Sitaki kulifunika neno hilo. Elimu hii ilianza mahali penye damu isiyo na haki.

Herophilus alipofika mahali ambapo utumbo mwembamba unaanza, ukitoka katika mfuko wa chakula, aliona kipande kisichokuwa na jina. Akakipima kwa upana wa vidole vyake, akahesabu kumi na viwili, akakiita kwa hesabu hiyo. Waarabu walipovifasiri vitabu vya Wayunani waliihifadhi hesabu ile, na wasomaji wa pwani watalitambua neno lenyewe mara moja, maana ni ndugu wa thenashara yetu. Walatini nao wakaichukua kutoka kwa Waarabu. Hata leo madaktari wa dunia nzima wakitaja kipande kile hutaja kumi na mbili, wala hakuna apimaye kwa vidole tena.

Lakini jina laweza kuhifadhi kosa pia. Mtu akifa, mishipa ile minene itokayo moyoni huonekana mitupu, maana damu imekimbilia katika mishipa mingine. Wale wa kale walipoikata wakaikuta haina kitu, wakasema, hii ndiyo njia ya pumzi, hewa hupita humo. Erasistratus alifundisha hivyo, na jina la Kiyunani la mishipa ile ndilo lililokuwa jina la bomba la pumzi la kooni. Baadaye ilijulikana wazi ya kuwa ni damu, wala si hewa, ipitayo humo. Jina halikubadilika. Tutalikuta tena mbele.

Aliyeithibitisha habari ya damu ni Galen, mzaliwa wa Pergamo, mji ule ule wenye kanisa mojawapo la yale saba tusomayo katika Ufunuo. Alizaliwa mwaka 129, akasoma kwao, kisha Iskanderia, akarudi kuwa mganga wa watu waliopigana kwa panga mbele ya makutano. Na majeraha yao yalimfundisha mengi. Kisha akaenda Rumi, akawa mganga wa makaisari. Aliandika vitabu vingi mno. Lakini siku zake haikuwa ruhusa kupasua maiti ya mtu, basi alipasua nyani, nguruwe, mbuzi na ng'ombe, akayaandika aliyoyaona humo kana kwamba ni mambo ya mwanadamu. Aliandika kwamba taya la chini la mtu ni mifupa miwili. Aliandika kwamba chini ya ubongo kuna wavu wa mishipa midogo wa ajabu. Wavu huo upo kweli katika ng'ombe na kondoo. Katika mtu haupo. Kila aliyechinja mbuzi anajua ya kuwa ndani yake mna mengi yafananayo na yetu, lakini kufanana si kuwa kitu kimoja.

Na hapa nataka kutaja jambo moja lililonichekesha. Sisi mtu akitaka kutapika husema, moyo wachafuka. Na mahali pale chini ya kidari twapaita chembe cha moyo, ingawa moyo hauko pale, bali mdomo wa mfuko wa chakula. Nilikuwa nikiwasahihisha wanafunzi wangu kwa ukali juu ya hayo. Kumbe Wayunani wenye elimu walifanya vivyo hivyo! Neno lao la moyo lilikuwa pia jina la mdomo wa juu wa tumbo, na Galen mwenyewe alijua ya kuwa watu huchanganya viwili hivyo. Madaktari wa leo bado wanaliita lango lile la tumbo kwa neno la moyo. Nao Waingereza wapatapo kiungulia husema ya kwamba moyo waungua. Basi sikuona tena sababu ya kumcheka mtoto wa darasa la tatu.

Dola ya Rumi upande wa magharibi ilipoanguka, vitabu vya Galen vilisahauliwa huko, lakini mashariki havikupotea. Mkristo mmoja wa Kanisa la Mashariki, jina lake Hunayn bin Ishaq, aliyeishi Baghdad kutoka mwaka 809 mpaka 873 au karibu na hapo, alivifasiri kwa Kisiria na Kiarabu. Hakutosheka na nakala moja. Alikusanya kadhaa na kuzilinganisha kabla ya kuandika. Kitabu kimoja alikitafuta Iraki, Shamu, Palestina na Misri mpaka Iskanderia, akapata nusu yake tu, huko Dameski. Kazi yake ngumu ilikuwa ndiyo hii ya majina, maana lugha yake haikuwa na maneno ya viungo vyote alivyovitaja Galen, ikampasa kuyatafuta au kuyatunga. Kila mwalimu aliyejaribu kufundisha elimu ya viumbe kwa Kiswahili atamhurumia.

Waarabu walipenda kutaja vitu kwa jamaa zao. Ngozi mbili zifunikazo ubongo waliziita mama, moja mama mgumu na moja mama mwembamba, kwa kuwa zinaukumbatia ubongo kama mama amkumbatiavyo mtoto. Walatini walipofasiri tena kutoka Kiarabu, miaka 1100 na kitu, waliacha umama uwepo, lakini yule mwembamba wakampa neno liwezalo pia kumaanisha mcha Mungu. Kwa hiyo kila mmoja wetu anabeba kichwani mama mgumu na mama mcha Mungu. Maneno mengine ya Kiarabu waliyaacha yalivyo. Mwaka 1316 Mondino wa Bologna, aliyepasua maiti za watu mbele ya wanafunzi wake, aliandika kitabu kilichotumika miaka mia mbili. Na ndani yake ngozi ya tumbo na utando wa matumbo vinatajwa kwa Kiarabu kilichoharibika, hata mwanafunzi wa Kiitalia alilazimika kukariri asichokielewa.

Sasa angalieni jinsi walivyofundishwa. Mwalimu alikaa juu katika kiti kirefu akisoma kitabu cha Galen. Chini, kinyozi ndiye aliyeshika kisu. Na mtu wa tatu alishika fimbo, akionyesha kiungo kinachosomwa. Msomaji hakushika mwili, wala mkataji hakujua Kilatini. Kama kitabu kilisema taya ni mifupa miwili, na mezani taya ni mfupa mmoja, hakuna aliyeulizwa. Majina yaliruka juu ya meza kama ndege wasiopata mahali pa kutua.

Aliyeshuka kutoka kitini akashika kisu mwenyewe ni Andreas Vesalius. Alizaliwa Brussels siku ya mwisho ya mwaka 1514, akasoma Paris, na mwaka 1537 akafanywa mwalimu huko Padua, hali hajatimiza miaka 23. Shauku yake ilikuwa kali kupita kiasi. Alipokuwa kijana alikuta nje ya mji wa Louvain maiti ya mhalifu iliyoachwa juu ya mti, ndege wameisafisha hata imebaki mifupa. Akaichukua vipande vipande kwa siri, akaiunganisha nyumbani. Mwaka 1538 alitoa kurasa sita za picha, na juu yake akaandika majina kwa Kiyunani, Kilatini, Kiarabu na Kiebrania, maana alijua kwamba fujo ya elimu ile ilikuwa nusu yake fujo ya maneno.

Mwaka 1543 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya umbo la mwili wa mwanadamu. Picha zilichongwa juu ya mbao Italia, zikavushwa milima ya Alpi mpaka Basel, na huko mpiga chapa Johannes Oporinus akakichapa. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka 28. Katika picha zake kila kiungo kimetiwa herufi, na herufi ile inaelezwa pembeni, hata msomaji anaweka kidole juu ya kitu na juu ya jina lake kwa mara moja. Kwetu sasa ni jambo dogo, kila kitabu cha darasa kina picha za namna hiyo. Lakini hapo ndipo jina lilipopata mahali pa kutua. Taya likawa mfupa mmoja. Wavu wa ajabu ukaondolewa, naye akakiri ya kuwa hata yeye aliwahi kuufundisha.

Mwalimu wake wa Paris, Sylvius, alikasirika mno. Alisema kwamba Galen hakukosa. Mwili wa wanadamu ndio uliobadilika tangu siku zake. Mwaka 1551 aliandika kitabu cha kumshambulia mwanafunzi wake, akaligeuza jina lake ili lisomeke mwenda wazimu. Hata hivyo haki yake tumpe. Vesalius aliihesabu misuli kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sylvius aliipa majina kwa umbo na kazi yake, na ni desturi ya Sylvius iliyodumu, wala si ya Vesalius. Mtu aweza kuwa mkaidi katika neno moja na mwenye akili katika lingine.

Katika majina yale ya kale mengi ni mifano tu. Walitazama kitu, wakauliza, chafanana na nini nyumbani kwetu? Mlango mmoja wa moyo una mapande mawili yakutanayo, na Vesalius akaufananisha na kofia ya askofu. Hata leo ndilo jina lake. Mfupa wa begani sisi tuuitao mtulinga, Walatini waliuita ufunguo mdogo. Mfupa wa muundi waliuita filimbi. Mifupa mitatu midogo ya ndani ya sikio ni nyundo, fuawe na kikuku cha kupandia farasi. Mfupa wa kwanza wa shingo, ubebao kichwa, uliitwa kwa jina la jitu la hadithi za Kiyunani aliyebeba mbingu mabegani.

Wala tusidhani ya kuwa kazi hii ya kufananisha ilikuwa ya Wayunani na Walatini peke yao. Wazee wetu waliifanya vizuri, na mara nyingine vizuri zaidi. Mfupa ule wa mviringo wa gotini Walatini waliuona kisahani. Sisi tuliuona pia, ile wachezeayo watoto, tukaita pia ya goti, na nadhani mwenye kuushika atakubali kwamba wetu ndio mfano wa kweli. Nyama ya nyuma ya muundi twaiita shavu la mguu. Utando wa sikioni ni kiwambo, kwa kuwa umewambwa kama ngozi ya ngoma. Na Wazungu nao waliita ngoma bila kutuuliza. Kidole cha shahada kimepata jina katika ibada ya Waislamu, wakiinuapo kidole kimoja kumshuhudia Mungu mmoja, nasi Wakristo twalitumia jina hilo bila kufikiri. Na mboni ya jicho Waebrania waliiita mtu mdogo wa jichoni, na Walatini mtoto wa kike, kwa sababu ile ile: jitazame katika jicho la mwenzio, utajiona u mdogo ndani yake.

Mfano una uzuri wake, lakini una hatari, maana kila nchi yaweza kuwa na mfano wake. Tena likaja jambo baya zaidi, majina ya watu. Kila mchunguzi aliyepata kitu alitaka kiitwe kwa jina lake, au wanafunzi wake walitaka. Kuna ukano ulionyoka kinenani kutoka nyonga mpaka mbele, na ngiri nyingi hupita karibu na hapo, ngiri ya mzee wangu ikiwa mojawapo. Wengine waliuita ukano wa Poupart, kwa jina la Mfaransa aliyekufa mwaka 1709. Wengine ukano wa Falloppio, kwa jina la Mwitalia aliyefundisha Padua baada ya Vesalius. Mwanafunzi aliyesoma kwa mwalimu mmoja akaenda kwa mwingine alidhani kuna kano mbili. Kufika mwisho wa karne ya 19, yasemekana majina kama 50,000 yalikuwa yakitumika kwa viungo kama 5,000 tu.

Na hata jina likiwa moja, bado kuna swali la mahali. Hapa ndipo lugha zote hukwama. Mtu akiniambia, kidonda kiko juu ya mkono, nifahamu nini? Kiko karibu na bega? Kiko mgongoni mwa kiganja? Au kiko juu ya ngozi, hakikuingia ndani? Na mkono wenyewe ni upi, kutoka begani au kutoka kifundoni? Mgonjwa akilala chali, kifua ni juu na mgongo ni chini; akisimama, kichwa ni juu na nyayo ni chini. Anayeandika barua anamwona amelala. Anayeisoma anamfikiri amesimama.

Mtu mmoja wa Scotland, John Barclay, aliyesomea uchungaji kabla ya kufundisha elimu ya mwili huko Edinburgh, alilisumbukia jambo hili, na mwaka 1803 alitoa kitabu kizima juu ya maneno ya mahali na upande peke yake. Alitaka maneno yasiyobadilika mtu akigeuka. Katika mkono na mguu, kwa mfano, alisema tusitaje juu na chini, bali karibu na shina na mbali na shina. Kiwiko kiko karibu na shina kuliko kifundo, iwapo mkono umeinuliwa, umeshushwa, au umelazwa mezani. Mengi ya maneno yake yamesahauliwa, lakini hayo mawili yanatumika kila hospitali.

Kawaida iliyokubaliwa hatimaye ni hii. Viungo vyote hutajwa kana kwamba mtu amesimama wima, uso mbele, mikono imenyoka ubavuni, na viganja vimeelekea mbele. Hata akiwa kitandani, hata akiwa maiti juu ya meza, hutajwa kama amesimama hivyo. Kulia na kushoto ni kwa mgonjwa, si kwa amtazamaye. (Nimewachorea wanafunzi mtu ubaoni mara nyingi, na kila mara nusu ya darasa wameweka moyo upande usio wake, kwa kuwa waliutafuta kwa mikono yao wenyewe.)

Viganja mbele, kwa nini? Jaribu mwenyewe. Nyosha mkono, kiganja kitazame mbele, kisha ushike chini ya kiwiko kwa mkono wa pili. Mifupa miwili imelala sambamba, mmoja upande wa dole gumba, mmoja upande wa kidole cha mwisho. Sasa geuza kiganja kitazame nyuma. Utahisi mfupa wa upande wa gumba ukivuka juu ya mwenziwe, na mifupa imekuwa msalaba. Basi asemaye upande wa ndani wa mkono bila kusema kiganja kimeelekea wapi hajasema kitu. Viganja vikiwa mbele, kila mfupa uko upande wake, na neno halina njia mbili.

Kuna na njia tatu za kuukata mwili katika mawazo. Moja hukata kutoka upande hata upande, mbele ikabaki huku na nyuma kule. Jina lake ni la taji. Moja hutenga kulia na kushoto; jina lake ni la mshale. Ya tatu hukata kwa mapana, juu na chini. Taji na mshale vimetoka katika fuvu la kichwa. Akina mama wanaujua utosi wa mtoto mchanga, pale laini padundapo. Pale mishono miwili ya fuvu inakutana: mmoja umekatiza kichwa mahali livaliwapo taji, na mmoja umenyoka kwenda nyuma, kama mshale uliotiwa katika uta.

Wajerumani wa chama cha wachunguzi wa mwili ndio walioanza kusafisha majina, mwaka 1889. Walifanya kazi miaka sita, na mwaka 1895 walikutana Basel, mji ule ule kilikochapwa kitabu cha Vesalius miaka 352 kabla yao, na ambako mifupa ya mtu aliyoiunga yeye kwa mkono wake imehifadhiwa hata leo. Wakakubaliana kwamba kila kiungo kiwe na jina moja, kwa Kilatini, fupi, lenye kuonyesha mahali au umbo. Na majina ya watu yasiwe majina kamili. Orodha yao ilikuwa na majina 5,500 hivi. Ule ukano wenye baba wawili ukaitwa ukano wa kinena. Waingereza waliitengeneza upya kwa ajili yao mwaka 1933, Wajerumani wakatoa nyingine mwaka 1935, ikawa fujo tena kidogo. Mwaka 1955 huko Paris mataifa mengi yakarudi katika msingi wa Basel, na mwaka 1998 orodha iliyopita majina 7,000 ikatolewa. Hayo ni mambo ya vikao, sitayarefusha.

Kwetu kazi hii ni changa. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Steere wa Unguja walikusanya maneno kama walivyoyasikia, nao walisikia ya pwani kuliko ya bara. Halmashauri ya lugha ilianzishwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha nchi hizi, lakini haja yake kubwa ilikuwa vitabu vya shule. Kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ilitoka Dar es Salaam mwaka 1990. Sasa ule mzigo wa mshipa umegawanywa: iletayo damu kutoka moyoni ni ateri, irudishayo ni vena, na nyuzi za maumivu ni neva. Wazee wananung'unika ya kuwa hayo si Kiswahili. Mimi sinung'uniki, maana yamenitoa katika shimo. Ila kila nisemapo ateri hukumbuka kwamba nimetaja bomba la hewa, na kosa la Iskanderia limefika hata darasani kwangu.

Maneno kama umio, wengu, kongosho na kisogo hayahitaji msaada wa mtu. Ni makali kama kisu kipya. Yanayohitaji ulinzi ni yale mapana, tumbo, mkono, mguu, moyo, mshipa. Tumbo ni mfuko wa chakula, tena ni matumbo yote, tena ni tumbo la uzazi, na mwanamke asemaye tumbo laniuma amesema mambo matatu ambayo dawa zake hazifanani.

Siku hizi mtu akija kuandikiwa barua, ninayo karatasi yenye picha ya mtu aliyesimama, viganja mbele. Namwacha aweke kidole yeye mwenyewe, asitamke neno kama ana haya. Kisha naandika. Kwa mzee yule ningaliandika hivi: uvimbe kinenani, upande wa kuume wa mgonjwa, hutokeza asimamapo na kurudi alalapo. Mstari mmoja tu.

Majuzi alikuja tena, mzima, na mkongojo wake. "Mwalimu," akasema, "safari hii ni goti." Nikamwuliza, "Wapi pa goti, baba?" Akacheka sana, akaivuta karatasi mwenyewe, akaweka kidole juu ya pia.